Neno Alilofundishwa Vidole

Kila siku ya shule, saa tisa na nusu alasiri, Kasuku aliingia nyumbani kwa kupitia saluni, maana chumba cha mbele ndicho kilichokuwa saluni. Ndani mlikuwa na viti vitatu vya plastiki, kioo kirefu chenye ufa pembeni, na kikausha nywele kimoja ambacho hakikukubali kuwaka mpaka kipigwe kofi. Katikati ya vitu hivyo alisimama mama yake, msusi, kitana amekibana kwa meno na mikono imezama kichwani mwa mteja. Kasuku aliwaamkia wote, akavua viatu, akashika ufagio. Kufagia nywele ilikuwa kazi yake tangu darasa la nne.

Jina la Kasuku alipewa na wateja. Tangu akiwa mdogo, redio ikisema sentensi ya Kiingereza, yeye aliirudia neno kwa neno, na sauti ya mtangazaji akaiiga. Wanawake walicheka mpaka vichwa vikatikisika, na msusi akalalamika, "Tulieni, jamani! Mstari ukipinda, msiseme nimewasuka barabara ya vumbi." Siku hizo, kila mteja aliyeingia jambo la kwanza kuuliza lilikuwa, "Kasuku wetu yuko wapi?"

Siku hizi walimuulizia Vidole.

Vidole alikuwa binti wa mama yake mdogo. Mama huyo aliugua muda mrefu, akafariki, na msusi akamchukua mtoto wa mdogo wake akae naye. Watoto hao walikuwa wa rika moja. Wakawekwa darasa moja, la saba, na dawati moja. Wiki ya pili tu baada ya kufika, Vidole aliombwa ashike upande mmoja wa kichwa cha Mama Pacha, mteja wa miaka mingi ambaye siku zote alikuwa na haraka na siku zote alikuwa wa mwisho kuondoka. Mtoto akasuka. Mistari ikatoka myembamba, imenyooka kama iliyopigwa rula.

"Hee! Huyu mlikuwa mmemficha wapi?" Mama Pacha aliuliza akijigeuzageuza mbele ya kioo. "Vidole vya mtoto huyu vina macho!"

Jina likakaa papo hapo.

Kasuku naye aliwahi kujaribu kusuka. Mteja alijitazama kwenye kioo, akauliza kwa upole kama kazi imekwisha au ndiyo kwanza inaanza. Tangu hapo Kasuku akabaki na ufagio wake.

Mwanzoni alimhurumia ndugu yake. Alimgawia nusu ya kabati, akamwonyesha njia fupi ya kwenda shule, akamwambia ni mwalimu yupi mkali na yupi anayejifanya mkali. Lakini huruma nayo huchoka. Alasiri moja alimsikia mama yake akiita bila kugeuka, "Mwanangu, hebu niletee taulo." Kasuku alidondosha ufagio, akakimbilia kwenye rafu. Aliporudi na taulo, alimkuta Vidole amekwisha kufika na lingine, na mama anamshukuru. Aliyeitwa alikuwa Vidole. Mwanangu! Neno ambalo Kasuku alidhani lina mwenyewe mmoja tu.

Alisimama pale na taulo lake mkononi mpaka Mama Pacha akamwambia, "Nipe mimi basi, nijifute jasho."

Kuanzia siku hiyo alianza kuhesabu. Mama amecheka na Vidole mara ngapi leo? Nani kakaribishwa chai kwanza? Nani kaulizwa habari za shule kabla ya mwenzake? Kila jibu lilimuuma, na kila lilipomuuma alitafuta lingine.

"Mama, mbona siku hizi huniiti?" aliuliza siku moja.

"Nisikuite vipi, na kila siku nakuita uje ufagie?" msusi alijibu, na wateja wakaangua kicheko. Mama hakuwa na nia mbaya. Vichwa vilikuwa vingi, na baba yake Kasuku, dereva wa lori, alionekana nyumbani mara mbili kwa mwezi. Lakini Kasuku aliinua taka zake, akatoka nje amenuna.

Shuleni mambo yalikuwa yale yale. Vidole aliongoza hesabu, akaongoza sayansi. Kilichombakia Kasuku kilikuwa Kiingereza peke yake. Vidole alikotoka walimu wa Kiingereza walikuja na kuondoka, kwa hiyo aliisoma lugha hiyo kwa tahadhari, kama mtu anayevuka mto kwa kurukia mawe. Kila alipoteleza, Kasuku alitazama pembeni ili uso wake usionekane umefurahi.

Ndipo Mwalimu wa Kiingereza alipoingia darasani na tangazo. Shule moja ya sekondari ya wasichana, ya bweni, yenye maabara na maktaba, ilitoa nafasi moja ya kusomeshwa bure hadi kidato cha mwisho kwa wanafunzi wa shule yao. Waombaji wangeandika barua ya Kiingereza juu ya mtu aliyewasaidia maishani. Barua ingeandikwa katika chumba cha walimu, bila kitabu, ifungwe hapo hapo kwenye bahasha na kupelekwa. Walimu walikuwa wamechagua wasichana wawili.

"Kasuku," Mwalimu alisema, na darasa likapiga makofi. "Na Vidole."

Makofi ya pili yalikuwa makubwa zaidi. Au Kasuku alisikia hivyo.

Jumapili kabla ya siku ya barua, wasichana hao wawili walikuwa kando ya nyumba wakifua mataulo ya saluni. Vidole alikuwa akinong'ona sentensi za Kiingereza huku akikamua. Ghafla akaacha.

"Dada, nisaidie," alisema. Walilingana umri, lakini Vidole alimwita dada kwa heshima ya nyumba. "Nitaandika juu ya mama mkubwa. Nataka kusema yeye ni msaada mkubwa kwangu. Neno 'help' nalijua, lakini kila mtu ataandika hilo. Hakuna neno zito kidogo? La watu waliosoma?"

Kasuku alilijua jibu. Maneno matatu mazuri yalimjia kichwani kwa mkupuo. Lakini macho yake yaliona dirisha la saluni, na ndani ya dirisha alimwona mama yake akimwonyesha Mama Pacha msuko mpya, akisema kwa sauti ya kujidai, "Huu ni wa Vidole, mwenyewe kaubuni!"

"Lipo," Kasuku alisema. "Andika 'hindrance'."

"Hin... drans," Vidole alijaribu.

"Hindrance. Si unajua 'hand' ni mkono? Basi hindrance ni kama mtu amekupa mkono akakuinua. Ni msaada, lakini msaada mkubwa sana."

Uongo ulimtoka laini kuliko alivyotarajia. Vidole alitabasamu, mataulo yakimdondokea maji miguuni.

"Mkono! Hilo ndilo hasa. Mama mkubwa na mikono yake!" Alitazama upande wa chumba chao, ilikokuwa kamusi, kisha akatikisa kichwa. "Aa, kamusi ya nini na wewe upo?"

Laiti angeingia ndani kuifungua kamusi hiyo! Kasuku alitamani aifungue na akaomba asiifungue, vyote kwa pamoja. Vidole hakuifungua. Alirudia neno lile mpaka mataulo yote yakaanikwa.

Siku ya barua walikaa mbalimbali katika chumba cha walimu. Kasuku aliandika vizuri, lakini kila mara jicho lilimtoroka kwenda kwenye karatasi ya mwenzake. Wakati wa kutoka, Vidole alimshika mkono kwa furaha.

"Nimelitumia mara nne!" alisema.

 Mwalimu alikuwa bado hajaifunga bahasha. Ilitosha kusema, "Mwalimu, subiri." Sentensi fupi kuliko zote alizoandika siku ile. Hakuisema. Alijiambia kwamba ni neno moja tu, kwamba wasahihishaji watacheka kidogo na kukata alama mbili tatu, kwamba hata hivyo Vidole ana hesabu na sayansi na misuko. Mtu mmoja achukue vyote, kwani yeye nani?

Zikapita wiki tatu. Kasuku alitarajia kwamba moyo ungepoa, lakini haukupoa. Sasa alimwonea Vidole wivu hata kwa usingizi wake, maana mwenzake alilala fofofo na yeye akigeuka huku na huku.

Jumamosi moja asubuhi, Mama Pacha akiwa amesukwa nusu ya kichwa, Mwalimu wa Kiingereza alibisha hodi saluni. Alifuatana na mwanamke mwenye miwani na faili la rangi ya kaki.

"Karibuni, karibuni," msusi alisema akivuta viti. "Kasuku, futa hapa. Mwalimu, leo umekuja kusukwa?"

Mwalimu hakucheka. "Huyu ni afisa wa ustawi wa jamii," alisema. "Tunaomba tuzungumze nawe na watoto. Faragha."

Mama Pacha alitolewa nje na kiti chake, upande mmoja wa kichwa umelala kwa mistari, upande mwingine umesimama kama brashi ya viatu. Siku nyingine yoyote Kasuku angecheka mpaka mbavu zimuume.

Afisa alianza kwa maswali ya kawaida. Vidole analala wapi? Anakula mara ngapi kwa siku? Anafanya kazi gani? Ana muda wa kusoma? Msusi alijibu yote, kwanza kwa uchangamfu, kisha taratibu, kama mtu anayehisi ngazi inatikisika chini ya miguu.

"Bibi afisa," mwishowe aliuliza, "kwani kuna nini?"

Afisa alifungua faili akatoa karatasi. Kasuku aliutambua mwandiko kutoka pale alipokuwa amesimama. 

"Barua hii iliandikwa na mtoto wako huyu kuomba nafasi ya shule. Walioisoma walishtuka, wakaileta ofisini kwetu." Alisoma kwa Kiingereza, "'My aunt is the biggest hindrance in my life.'" Kisha akaeleza kwa sauti ya chini, "Anasema: mama mkubwa ndiye kikwazo kikubwa kuliko vyote maishani mwangu. Anaendelea: tangu mama yangu afariki, amekuwa kikwazo kwangu kila siku. Ninaposoma, yeye ni kikwazo. Sitasahau kamwe jinsi alivyokuwa kikwazo kwangu."

Kitana kilianguka sakafuni. Hakuna aliyekiokota.

Msusi alimgeukia Vidole. Hakupaza sauti. "Mwanangu," alisema, "nimekukosea nini?"

"Mimi?" Vidole alikuwa amepigwa na butwaa. "Mama mkubwa, si hivyo! Niliandika wewe ni msaada wangu! Niliandika kwamba umeniinua! Wallahi sikuandika..."  Midomo yake ilitamka neno lile polepole bila sauti. Kisha akamtazama Kasuku.

Lilikuwa jicho la mara moja tu. Kasuku aliona ndani yake kwamba mwenzake ameelewa kila kitu: mataulo, mkono, kamusi, yote.

"Nani alikufundisha neno hili?" Afisa aliuliza.

Kasuku alishusha macho, akangoja jina lake litajwe.

"Hakuna," Vidole alisema. Machozi yalimtiririka lakini sauti haikutetemeka. "Nilikosea mwenyewe."

Afisa alivua miwani, akaifuta.

"Mwalimu wako ameniambia huenda ni kosa la lugha," alisema. "Lakini mtu akikosea neno, hukosea mara moja. Wewe umeliandika mara nne. Na mtoto anayeogopa nyumbani kwao hubadilisha maneno mbele ya wakubwa. Nimeliona hilo mara nyingi mno." Akamgeukia msusi. "Mama, sisemi una hatia. Ila sheria inanitaka nimwondoe mtoto kwa muda, akae katika nyumba ya watoto mpaka tuchunguze. Naomba afungashe nguo zake."

Vidole aende! Kwa miezi mingapi Kasuku alikuwa akilitamani jambo hilo bila kulisema hata moyoni mwake? Saluni ingerudi kuwa yake, mama angerudi kuwa wake, na wateja wangemuuliza tena, "Kasuku wetu yuko wapi?" Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu.

Alimwona mama yake akiinuka, akikanyaga kile kitana bila kukihisi, akielekea kwenye kabati la watoto kwa mwendo wa mgonjwa. Alimwona Vidole akimfuata amemshika kanga kwa nyuma, kama mtoto wa miaka mitatu.

"Msiende!" Kasuku alisema.

Wote wakageuka. Sasa ilibidi aendelee.

"Ni mimi. Mimi ndiye niliyemfundisha. Aliniuliza neno lenye maana ya msaada mkubwa, nikamwambia aandike hilo. Nilijua maana yake. Nilijua kabisa."

Nje, Mama Pacha akapiga chafya.

"Ulilijua?" Mwalimu aliuliza. "Kasuku, maana ya hindrance ni nini?"

"Kikwazo. Kizuizi. Kitu kinachomzuia mtu asifike anakokwenda." Kasuku alianza kulia, lakini alijibu kama darasani. "Linatokana na kitenzi 'hinder', kuzuia. Halihusiani na mkono."

"Na ukitaka kusema ni kikwazo kwa fulani?"

"Unaweka 'to' baada yake. A hindrance to somebody."

Mwalimu alikaa kwenye kiti cha wateja kama mtu aliyetua mzigo mzito, au aliyebebeshwa mwingine. "Unalijua kuliko nilivyolifundisha," alisema. "Sasa naona kujua hakutoshi. Umechukua neno zuri la kujifunzia ukamchimbia nalo mwenzako shimo."

"Kwa nini?" Ni mama aliyeuliza. Swali lake lilikuwa la neno hilo tu.

"Kwa sababu unampenda kuliko mimi," Kasuku alisema.

 Msusi alimtazama binti yake mpaka Kasuku akatamani apigwe kofi yaishe. Kisha akainama, akaokota kitana, akatoka nje kwenda kummalizia Mama Pacha kichwa. Walimwona dirishani, mikono ikienda, machozi yakimdondokea mteja mabegani. 

Afisa alitoa karatasi nyeupe kwenye faili. "Maneno ya mdomo hayakai ofisini," alimwambia Kasuku. "Keti. Andika ulichofanya, mwanzo hadi mwisho. Kwa Kiswahili kwa ajili yangu, na kwa Kiingereza kwa ajili ya shule ile. Usijipake mafuta; andika kosa kama lilivyo."

Kasuku aliandika. Iligharimu karatasi tatu na saa nzima. Kisha afisa akazungumza na Vidole peke yake chumbani, akarudi, akaandika maelezo marefu katika faili, akalifunga. Vidole angebaki. Mwalimu naye akasema kilichokuwa lazima kisemwe: jina la Kasuku litafutwa katika waombaji wa ile nafasi, na barua yake haitasomwa.

Wageni walipoondoka, Kasuku alimfuata Vidole nyuma ya nyumba.

"Ahsante kwa kutonitaja," alisema.

"Sikunyamaza kwa ajili yako." Vidole hakumtazama. "Mama mkubwa alikuwa amekwisha kuumia mara moja. Ningekutaja, angeumia mara ya pili. Basi." Kisha akaongeza, "Nilikuwa nikikuamini kuliko kamusi."

Siku tisa Vidole hakumsemesha. Walikaa dawati moja, wakala sahani moja, wakafua mataulo karai moja, na Kasuku akajua kwamba ukimya nao una uzito. Hakulalamika. Kila alfajiri aliamka kabla ya wenzake akachota maji ya saluni, zamu yake na zamu isiyo yake.

Siku ya kumi ikaja barua kutoka shule ile. Kwa kuwa kosa halikuwa la mwombaji, Vidole ataitwa mbele ya walimu watatu aulizwe maswali kwa mdomo. Jioni hiyo Vidole alifungua daftari mezani, akakaa kitambo akiuma kalamu. Mwishowe akalisukuma daftari mpaka mbele ya Kasuku.

"Uliza," alisema. "Uliza kama watakavyouliza wao. Na kamusi iwe hapa katikati yetu."

Kasuku aliuliza. Vidole alijibu. Kila neno jipya walilitafuta wote wawili, vichwa vikigongana. Ilikuwa hivyo kwa wiki nzima, na hakuna aliyesamehewa kosa hata moja la sarufi.

Mwalimu aliyemsindikiza siku ya mahojiano ndiye aliyesimulia baadaye saluni. Alisema mmoja wa walimu watatu alimuuliza Vidole, si kwa ubaya, kama sasa anajua maana ya neno lile. Vidole alisimama wima akasema kwa Kiingereza chake cha kuruka mawe kwamba analijua, kwamba woga ulikuwa kikwazo kwake asubuhi ile, lakini amekuja hivyo hivyo. Wote watatu walicheka, na mmoja akaandika kitu.

Nafasi akapata.

Saluni ililipuka kwa vigelegele. Mama Pacha alicheza na kikausha nywele. Kasuku alipiga vigelegele pia, na vilikuwa vya kweli. Lakini katikati ya vigelegele alihisi kitu kile kile cha zamani kikimchoma chini ya mbavu, akaogopa. Alidhani kilikwisha kufa.

Jumapili, Vidole alipokuwa amekwenda na Mwalimu kupimwa sare ya shule mpya, msusi alifunga mlango wa mbele akamwita Kasuku aje akae chini, kati ya magoti yake. Alianza kumfumua nywele. 

"Mama," Kasuku alisema mwishowe, "bado ninamwonea wivu. Nimejaribu. Hauishi."

"Najua." Kitana kiliendelea kupita. "Nikuambie jambo ambalo hata baba yako halijui. Mama yako mdogo, mama yake Vidole, alikuwa na akili kama za binti yake. Siku moja ilikuja barua ya kumwita chuo cha wauguzi. Mimi ndiye niliyeipokea mlangoni. Nikaificha chini ya godoro."

Kasuku alitaka kugeuka, lakini mama alimshika kichwa kisigeuke.

"Siku mbili. Wakati wa siku hizo mbili sikwenda sokoni, sikwenda kisimani, sikutoka hata uani, nisije nikatoka mtu akatandika kitanda. Mdogo wangu alikuwa anacheka huko nje na wenzake, na mimi nimekaa juu ya godoro kama kuku anayeatamia. Siku ya tatu nikampa, nikasema imekuja sasa hivi. Alinirukia shingoni kwa furaha. Alisoma, akafanya kazi, akazaa, akaugua, akafa, na sikumwambia. Kila nikitaka kumwambia, nilisema kesho."  "Wewe ulisema ndani ya saa ile ile, mbele ya watu. Umenishinda mimi mama yako."

"Lakini ulinipenda mimi kwanza," Kasuku alinong'ona. "Kabla hajaja."

"Nilikupenda, na nakupenda. Nilikosa kukuonyesha, nilidhani mtoto wa kuzaa haambiwi. Hilo ni kosa langu, na nitalirekebisha. Ila wivu, mwanangu, ni wako, na wewe ndiye utakayeushika masikio. Utakuja tena. Ukija, njoo uniambie, au umwambie mwenyewe, lakini usiupe kazi ya kufanya." Alianza mstari wa kwanza, polepole, toka kwenye paji la uso kwenda nyuma. "Maana mtu akimwekea mwenzake kikwazo njiani, hawezi kuondoka pale. Inambidi akae akilinde, kisije kikaonekana, kisije kikaondolewa. Mwenzake kasimama upande ule, naye kasimama upande huu. Mwisho wake, hakuna aliyekwenda."